Thrila au aksheni, usiku wa leo unaangalia ipi?

Watu wanaojua mi ni mtu wa muvi hawaachi kuniuliza, nipe muvi kali ya kuangalia leo, basi, hivyo tu. Kabla sijajibu na mi huwa nauliza: unaangalia na nani, na umechoka nini, mwili au akili? Wengine wanadhani nawazungusha ila jibu lote liko hapo, maana muvi kali ziko za aina nyingi lakini zinazogombaniwa sana ni mbili, thrila ile inayokukaba koo taratibu na aksheni ile ya magari kuruka na majengo kushuka, na kila moja inakutaka ukiwa katika hali yake. Ukiikosea hali utatoka unasema muvi mbovu kumbe mlikutana siku siyo. Nazipenda zote mbili kwa moyo wote ila kila moja naipenda kwa sababu yake, ndo maana naziweka hapa pamoja ili ukichagua uwe unajua umechukua nini.

Kwanza tofauti yenyewe, kwa sababu wengi wanaikosea. Ukiuliza utaambiwa aksheni ina mapigano na thrila haina, si kweli, kuna thrila zina damu kuliko aksheni na kuna aksheni mtu hafi hata mmoja. Mi naona tofauti ni nani anajua nini na amekijua wakati gani. Alfred Hitchcock, mwongozaji gwiji wa thrila, alimweleza mwongozaji wa Ufaransa François Truffaut mfano ambao kila mpenzi wa thrila anapaswa kuujua: watu wawili wamekaa mezani wanapiga stori za kawaida, ghafla bomu lililokuwa chini ya meza linalipuka, mtazamaji ameshtuka sekunde 15 na imeisha. Sasa rudisha meza ileile na stori zilezile, ila safari hii mtazamaji ameonyeshwa bomu likitegwa na anaiona saa ya ukutani, anajua litalipuka saa saba kamili na sa hivi ni saa saba kasorobo. Zile stori za kipuuzi zinageuka mateso, unatamani kuingia kwenye skrini uwaambie nyanyukeni hapo! Umeshikwa dakika 15 nzima badala ya sekunde 15, na hakuna kilichoongezwa zaidi ya kwamba wewe unajua na wao hawajui.

Aksheni haiishi kwa kujua, inaishi kwa mwili na nafasi. Nani kasimama wapi, ukuta uko upande gani, risasi zimebaki ngapi, kutoka hapa mpaka kule kuna umbali gani na huyu mtu atauvukaje. Staringi hafi, hilo tunalijua tangu utotoni na wala halituharibii kitu, kwa sababu swali letu halijawahi kuwa atapona au hatapona, swali ni atatokaje pale.

Thrila inavyofanya kazi

Nichukue tukio moja tu. No Country for Old Men ya mwaka 2007, ya ndugu wawili Joel na Ethan Coen, kuna sehemu yule muuaji anayechezwa na Javier Bardem anaingia kwenye kituo cha mafuta kilicho peke yake barabarani. Mzee wa kaunta anamsemesha tu kwa uungwana, maneno ya kumpokea mteja, na jamaa anayachukulia vibaya. Anaanza kumuuliza vimaswali, unafunga saa ngapi, unalala saa ngapi, mzee anajibu huku hajui anajibu nini. Halafu jamaa anakunja kikaratasi cha pakiti aliyokuwa anakula na kukiweka juu ya kaunta, na kamera inakaa pale pale kwenye kile kikaratasi kinavyojikunjua chenyewe polepole, unasikia kinavyolia. Hamna muziki. Anatoa sarafu, anairusha, anaifunika na kumwambia mzee achague upande. Mzee anauliza nikishinda napata nini. Hapo ndo moyo unasimama, kwa sababu wewe umeshamuona huyu mtu akiua kwenye dakika za mwanzo za muvi, unajua dau ni roho ya mzee, mzee mwenyewe anadhani ni mchezo wa mteja mwenye maneno mengi. Hakuna ngumi wala kelele, ni wanaume wawili na kaunta katikati, na mi kila nikifika pale najikuta nimebana pumzi bila kujua.

Hiyo ndo raha ya thrila na hiyo ndo gharama yake pia, kwa sababu tukio la namna hiyo halifanyi kazi kama uliangalia simu wakati ule muuaji anatambulishwa. Umekosa dakika mbili umekosa muvi. Thrila inakudai, inataka utulie, ukumbuke sura, ukumbuke nani kasema nini kwenye dakika ya kumi kwa sababu itarudi kwenye dakika ya tisini. Mtu anayeingia na kutoka chumbani akiuliza "huyu nani sasa?" anaua thrila, hana kosa lakini anaiua.

Aksheni inavyofanya kazi

Watu wengi wanaidharau aksheni kwamba ni ya kuzima akili na hapo mi huwa napandwa na hasira kabisa. Aksheni nzuri ni kazi ngumu ya kupanga vitu. Angalia Die Hard ya 1988, Bruce Willis kwenye jengo refu lililotekwa usiku wa mkesha wa Krismasi. Mwanzoni kabisa, kwenye ndege, abiria wa pembeni anamwambia ukifika salama vua viatu na soksi utembee peku juu ya zulia ukikunja vidole, uchovu wa safari utaisha. Unaona ni maneno ya njiani tu. Anafika, anavua, na wakati huohuo watekaji wanavamia, basi muvi nzima anapigana peku. Baadaye adui anagundua hana viatu na anaamuru vioo vya ofisi vipigwe risasi, sakafu yote inajaa vigae, na ndo sehemu pekee ya kupita. Kile kimstari cha kwenye ndege kimelipa saa nzima baadaye na kimelipa kwenye nyayo za mtu, ukiona anavyozichomoa zile chupa bafuni unakunja vidole vyako mwenyewe. Sasa niambie hapo nani kazima akili?

Au chukua Mad Max: Fury Road ya 2015. Ni kufukuzana jangwani karibu mwanzo mpaka mwisho, imepigwa kwa sehemu kubwa Namibia, magari ya kweli na watu wa kweli wananing'inia juu ya milingoti. Mwongozaji George Miller alirudi na picha za takriban saa 480 na mhariri wake Margaret Sixel akazikata mpaka zikawa muvi ya saa mbili, vipande kama 2,700, na akachukua Oscar ya uhariri kati ya Oscar sita ilizopata ile muvi. Kwa idadi hiyo ya vipande macho yangepaswa kuchanganyikiwa lakini hayachanganyikiwi, na sababu ni rahisi ukishaambiwa: waliweka jambo la muhimu katikati ya skrini karibu kila kipande, kwa hiyo jicho lako halihangaiki kutafuta, linabaki pale pale na ulimwengu ndo unabadilika kulizunguka. Jaribu kuangalia dakika tano ukiwa umeweka jicho katikati tu, utaona.

Linganisha na zile aksheni ambazo kamera inatetemeka na kila nusu sekunde wanakata, unaona kiwiko, unaona ukuta, unaona mtu chini, nani kampiga nani hujui. Mara nyingi wanafanya hivyo kuficha kwamba muigizaji hajui kupigana. Ndo maana John Wick ya 2014 ilipotoka tulishangilia, Chad Stahelski aliyeiongoza alikuwa mtu wa stanti, ndiye aliyemwakilisha Keanu Reeves, staringi wa muvi hiyo, kwenye hatari za The Matrix ya 1999, kwa hiyo alipopewa kamera aliivuta nyuma akaiacha itulie ili tuone mtu mzima kuanzia kichwa mpaka miguu anafanya kazi. Na hawa watu wa stanti wamevunjika mifupa miaka na miaka bila kuwa na Oscar yao, ndo mwaka 2025 imetangazwa kwamba tuzo yao itaanza kwa muvi za 2027. Imechelewa mno, lakini imekuja.

Sasa tuje kwenye kuchagua

Kama umechoka akili, siku nzima umekaa na mahesabu au watu wamekuchosha na maneno, chukua aksheni. Mwili wako uko sawa, unataka kitu kikubebe. Kama umechoka mwili lakini kichwa kiko macho, ile hali ya kulala chali huku mawazo yanazunguka, chukua thrila, itayakamata yale mawazo yote na kuyapa kazi moja. Mi nimejaribu kinyume chake mara nyingi na kinyume chake hakifanyi kazi, thrila ukiwa na akili iliyochoka utalala dakika ya arobaini na utaamka mtu kashakufa hujui kwanini.

Mkiwa wengi aksheni inashinda bila ubishi. Inastahimili kelele, inastahimili mtu anayechelewa, na kushangilia kwa pamoja ni nusu ya utamu, kile kicheko cha chumba kizima jamaa akiruka kutoka ghorofa moja kwenda lingine huwezi kukipata ukiwa peke yako. Thrila ni ya mtu mmoja au wawili, taa zimezimwa. Mkiwa wawili ni tamu zaidi kwa sababu mnabishana nani muuaji, ila huyo wa pili awe mtu mnayeendana naye, siyo yule ambaye kashaiangalia na anakutazama usoni wewe badala ya skrini kila linapokaribia tukio kubwa. Huyo anakwambia kila kitu bila kufungua mdomo.

Kuhusu kifaa, hapa watu wanashangaa nikiwaambia: thrila kwenye simu inakubali. Ukiwa na hedifoni nzuri na giza unaweza kupata karibu yote, kwa sababu thrila nyingi ni sura za watu na sauti ndogondogo, mlango, hatua, pumzi. A Quiet Place ya 2018, ile familia isiyoruhusiwa kutoa sauti kwa sababu viumbe vinawinda kwa kusikia, hedifoni kwake ni kama dawa. Aksheni kwenye simu ni kuionea. Imejengwa kwa ukubwa, umbali ndo stori, ukiibana kwenye skrini ya kiganjani yule mtu anayening'inia juu ya jengo anakuwa sisimizi na huogopi tena. Kama huna skrini kubwa usiku huo mi nakushauri bila kusita, acha aksheni mpaka siku nyingine.

Muda nao. Aksheni kubwa siku hizi zinavuta, Avengers: Endgame ya 2019 ni dakika 181, hiyo ni saa tatu na dakika moja, siyo ya kuanza saa tano usiku kama kesho unaamka mapema. Ukitaka aksheni ambayo haikupotezei muda kuna The Raid ya Indonesia ya mwaka 2011, dakika 101 tu, polisi wameingia kwenye jengo la ghorofa la bosi wa uhalifu na wanapanda juu floo kwa floo, ni silat, yale mapigano ya jadi ya kwao, mwanzo mwisho.

Na hapohapo niseme la pesa, kwa sababu linasaidia ukikutana na muvi usiyoijua jina. Thrila haihitaji fedha nyingi kuwa nzuri, Get Out ya 2017 ilitengenezwa kwa dola milioni 4.5 na ikaingiza zaidi ya dola milioni 250 duniani, na Jordan Peele akapata Oscar ya uandishi. Nyumba moja, familia moja, kikombe cha chai na kijiko, inatosha kukutoa jasho. Kwa hiyo thrila ya watu usiowajua na bajeti ndogo ijaribu, uwezekano wa kupata dhahabu ni mkubwa. Aksheni ya bajeti ndogo ni bahati nasibu, moto wa kompyuta na milipuko ya kubandika unaijua kwenye trela tu. The Raid ilitengenezwa kwa kama dola milioni moja na kidogo na ni bora kuliko nyingi za milioni 200, lakini wale walikuwa wanajua kupigana kweli, staringi wake Iko Uwais ni mtu wa silat tangu mdogo.

Kuambiwa mwisho na kurudia

Hapa ndo watu wanaamini aksheni inarudiwa na thrila ni ya mara moja, na mi nakubali nusu. Kuna thrila inayoishi kwa mshtuko mmoja wa mwisho, ukishaujua imekwisha, ni kama kitendawili kilichoteguliwa. Hitchcock mwenyewe kwa Psycho mwaka 1960 alihimiza kumbi zisimwingize mtu yeyote baada ya muvi kuanza, wakati ule watu walizoea kuingia muda wowote wanaotaka, na alikuwa na sababu, yule dada ambaye wote walidhani ndiye staringi anauawa kabla muvi haijafika nusu. Ukichelewa ungekaa unamsubiri mtu ambaye hayupo tena. Lakini kuna thrila ambayo haitegemei kushtuka, inategemea lile bomu unaloliona, na hiyo ukirudia inazidi kuuma kwa sababu sasa unalijua bomu mapema zaidi. Rear Window ya 1954, jamaa kavunjika mguu amekaa kwenye kiti cha magurudumu anachungulia madirisha ya majirani na anaanza kuamini mmoja kaua mke wake, nimeiona mara nyingi na bado yule jirani anapoinua macho na kuangalia moja kwa moja upande wetu natamani kurudisha kiti nyuma.

Kwa hiyo kipimo changu cha thrila ni hiki, nikiambiwa mwisho wote leo, nitataka bado kuiangalia kesho? Kama ndiyo, hiyo ni thrila ya kweli. Na kwa aksheni kipimo ni simamisha picha katikati ya vita na ujiulize staringi yuko wapi, adui yuko wapi, mlango uko wapi. Ukishindwa kujibu, muongozaji naye alikuwa hajui.

Zile za katikati

Mi mapenzi yangu makubwa kabisa yako hapa, na kama hujui uchague upande gani chagua hizi. Kumbuka lile bomu chini ya meza, sasa liweke chini ya basi: Speed ya 1994, basi la abiria likishavuka maili 50 kwa saa, kama kilomita 80, bomu linawashwa, likishuka chini ya hapo linalipuka. Basi, muvi imekamilika kwenye sentensi moja. Kila foleni, kila kona, kila mama anayevuka barabara na kigari cha mtoto ni saa ya ukutani ya Hitchcock, wakati huohuo ni vyuma na mwendo kwa saa mbili. Aliyeiongoza, Jan de Bont, ndiye aliyekuwa nyuma ya kamera kwenye Die Hard, na ukizitazama zote mbili utaona mkono ni uleule.

Au Mission: Impossible ya kwanza, 1996. Mfululizo mzima unajulikana kwa Tom Cruise kujirusha, lakini tukio linalokumbukwa kuliko yote kwenye ile ya kwanza ni la mtu kuning'inia kimya. Chumba cheupe cha CIA, sauti ikizidi kengele inalia, joto likizidi inalia, ukigusa sakafu inalia. Anashushwa kwa kamba kutoka kwenye tundu la hewa, aliyeshika kamba juu anahangaika na panya, kamba inateleza, jamaa anashuka kama jiwe na kusimama vidole vichache kutoka sakafuni, mikono na miguu imetanuka. Halafu tone la jasho linatembea kwenye kioo cha miwani yake, linakusanyika, linadondoka, na anawahi kulidaka kwa kiganja chenye glovu. Cruise amesimulia kwamba mwili wake ulikuwa unaelemea mbele anapiga uso chini mpaka akaweka sarafu kwenye viatu ili mizani ikae. Tone moja la jasho na chumba hakina muziki, na bado ni aksheni, kwa sababu yote ni mwili na umbali.

Lakini ukinibana nikupe moja tu, moja kabisa, nitakupa Jaws ya 1975. Papa wa mashine waliyemtengeneza aligoma kufanya kazi kwenye maji ya chumvi, upigaji wa siku 55 ukawa wa siku 159, na mwongozaji Steven Spielberg akiwa bado hajafika miaka 28 ikabidi apige muvi ya papa bila papa. Kwa hiyo zaidi ya saa moja ya mwanzo ni thrila tupu, maji, miguu ya watu, na zile noti mbili za mtunzi wa muziki wake, John Williams. Na sikiliza kitu kimoja ambacho wengi hawakioni: watoto wanapotisha watu ufukweni kwa pezi la bandia, ule muziki haupigwi. Muziki haukudanganyi hata mara moja mpaka hapo, unakuja papa wa kweli akija tu, kwa hiyo masikio yako yanafundishwa kuuamini. Halafu mkuu wa polisi yuko nyuma ya boti anamwaga chambo huku sigara mdomoni, analalamika, na kichwa chote kinatoka majini nyuma yake bila noti hata moja kabla yake. Kuanzia pale wanaume watatu, boti inayozama na mapipa ya njano, imegeuka aksheni na haigeuki nyuma.

Kama ndo unaianza usiku huu, weka simu chumba kingine, na usimruhusu mtu akuonyeshe picha ya yule papa kabla mapipa hayajaanza kuibuka.